Kwenye ankara niliandika "leseni", na leseni sikuinunua

Ami, assalaam aleikum. Shikamoo.

Nakuandikia saa nane za usiku, na leo ni siku ya tisa silali vizuri. Mimi ni kijana wa miaka 26, nakaa Tudor, kazi yangu ni kutengeneza tovuti. Sikusomea chuo. Nilijifunza kwa video na kwa kuharibu nikitengeneza tena, na alhamdulillahi riziki ikaingia. Nina wateja saba: mama mmoja muuza leso na madera Barabara ya Biashara, nyumba ya wageni Mji wa Kale, mkahawa, fundi wa milango ya nakshi, wakala wa kutoa mizigo bandarini, daktari wa meno, na madrasa ya mtaani kwetu ambayo niliifanyia bure, natafuta thawabu.

Zote nimezijenga kwa WordPress, ile programu ya bure ya kutengenezea tovuti. Na sita kati ya hizo, ukitoa ya madrasa, nimezitilia themu (sura ya tovuti) na plagini (programu ndogo za kuiongezea kazi) za kuvunjwa. Kuna mahali mtandaoni unazipata zote, zile zinazouzwa dola 59 au 79, pale ni bure, kufuli ya leseni imeshatolewa. Unapakua zipu, unaipandisha, inafanya kazi kama ya dukani. Miaka miwili nimefanya hivyo, sikuona baya.

Mwezi uliopita mama wa leso akanipigia. Mteja wake aliyeko Jeddah amelitafuta duka Google kwa simu, amebonyeza, ametupwa kwenye kamari. Mama akafungua kwenye laptopu yake, duka liko salama salimini. Nikafungua na mimi, salama. Nikamwambia huyo mteja simu yake ina virusi, na wallahi niliamini. Wiki ya pili wakaja wengine wawili, na safari hii walipelekwa kwenye tembe za nguvu za kiume. Mama mwenyewe ni mtu mzima, hajjati, Ami. Nilishindwa kumtazama usoni. Nilipoandika anwani ya duka Google, zikanimwagikia kurasa za maandishi ya Kijapani, mamia, zote kwa jina lake.

Siku tisa zilizopita kampuni inayonihifadhia tovuti ikafunga akaunti yangu. Zote saba zimo kwenye akaunti moja, maana niliona nafuu kulipa mara moja. Wamenitumia orodha ya mafaili machafu, haina mwisho, na yamo kwenye tovuti zote, hata ya madrasa ambayo haina kitu cha kuvunjwa, themu yake ni ile ile inayokuja na WordPress. Hilo ndilo limenichanganya zaidi.

Wateja nimewaambia seva inafanyiwa matengenezo.

Nina maswali matatu. Nisafisheje? Rafiki yangu amenipa plagini ya usalama, ile ya kulipia, anasema yake imeshavunjwa, nitumie hiyo. La pili, huyo huyo rafiki anasema WordPress na vyote vinavyofungwa juu yake viko chini ya leseni ya GPL, ni programu huria, kwa hivyo hatukuiba chochote. Ni kweli? La tatu, niwaambie wateja, au nisafishe kimya kimya nirudishe kila kitu kama kilivyokuwa? Daktari hupokea miadi kwa fomu, mtu anaandika jina, simu na tatizo lake. Kule nyumba ya wageni, wageni hupandisha picha ya pasipoti kabla hawajafika. Naogopa maswali. Na kuna jambo jingine dogo, kwenye ankara za wote sita niliandika "leseni ya themu, shilingi 7,500", na walilipa.

Fundi wa tovuti, Tudor

Jibu la Ami

Marahaba mwanangu, wa aleikum salaam.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Hilo "jambo jingine dogo" umelitia mwisho kabisa, kama mgonjwa anayeeleza kikohozi nusu saa nzima, kisha ameshashika kitasa cha mlango ndipo anamwambia daktari, ah, na damu pia inatoka. Nitalirudia. Kwanza tuyazungumze mafaili, maana ndiyo uliyoniitia.

Kwa nini wewe na Hajjati hamkuona kitu? Kwa sababu mlikuwa mnatazamwa. Uchafu wa namna hii huuliza kabla ya kujitokeza: huyu anayefungua ameingia kama msimamizi? Ametoka Google au ameandika anwani mwenyewe? Yuko kwenye simu au kwenye kompyuta? Mwenye duka huandika anwani moja kwa moja, tena mara nyingi akiwa ameshaingia, na huyo huonyeshwa duka safi. Mgeni aliyetoka Google na simu yake ndiye anayetupwa kwenye kamari. Zile kurasa za Kijapani, hata mgeni huenda asizione. Zimewekewa roboti za Google, zile programu zinazopita kuzisoma tovuti, ili bidhaa bandia za watu wengine zipande kwa mgongo wa jina zuri la duka la leso.

Siku nyingine mteja akikuletea habari kama hiyo, zima waifai, tumia bando la simu, fungua dirisha la faragha, na uingie kwa kupitia Google kama alivyoingia yeye. Kisha andika kwenye Google neno site, nukta mbili, na anwani ya duka bila kuacha nafasi, usome yote yanayotoka. Ungefanya hivyo siku ile ya simu ya Jeddah, ungejiokolea mwezi mzima.

Sasa, uchafu huu ulitoka wapi? Kisiwani hapa sote tumenunua maji ya mkokoteni. Mtungi unaletwa mlangoni, maji meupe, na bado humuuliza mwenye mkokoteni amechota kisima gani, na huyo unamlipa. Haya, aje mtu usiyemjua jina wala sura, akuletee mtungi kila siku, hataki hata senti. Utayanywa? Huyu wa themu za bure ameipata themu ya dola 59, ameipekua ndani, ametoa sehemu inayouliza leseni, ameifunga tena kwenye zipu, na analipia seva ya kukugawia wewe na wengine wasiohesabika. Mkono wake umeshafika ndani. Aliyeweza kutoa mistari kumi aliweza pia kutia kumi.

Na wametia. Mwaka 2014 kampuni ya usalama ya Uholanzi, Fox-IT, ilitoa ripoti ya kitu walichokiita CryptoPHP, kilichokuwa kikisambaa ndani ya themu na plagini za kuvunjwa za WordPress na za wenzake, Joomla na Drupal. Mlango wake ulikuwa mstari mmoja tu: include('images/social.png'). Utazame polepole. Include ni amri ya kuiambia PHP, lugha ya programu iliyoandikiwa WordPress, ilete faili hili iliendeshe kama programu. Picha haiendeshwi, picha huonyeshwa. Lakini jina ni social.png, limekaa ndani ya folda ya picha, na jicho la fundi linapita tu, likidhani ni zile alama ndogo za mitandao ya kijamii. Ukiifungua hiyo "picha" kwa kihariri cha maandishi, unakuta msimbo. Na kazi yake ilikuwa ndiyo hiyo iliyomkuta Hajjati, kubeba viungo vya watu kwa siri ili vipande kwenye matokeo ya utafutaji.

Miaka mitano baadaye, 2019, Wordfence, kampuni ya usalama wa tovuti za WordPress, wakaeleza kwa kirefu habari za uchafu uitwao WP-VCD, nayo inafanana na yako hadi nimecheka kwa uchungu. Ukishaifunga themu ya kuvunjwa, msimbo huamka, hujinakili ndani ya functions.php ya kila themu iliyomo, hata zile usizozitumia. Huacha faili la wp-vcd.php ndani ya wp-includes, kisha huzirudisha nyuma tarehe za mafaili iliyoyagusa, ili ukipanga kwa tarehe usione jipya. Halafu hutoka nje ya folda yake na kutafuta tovuti nyingine zilizomo kwenye akaunti hiyo hiyo.

Hapo ndipo madrasa yako ilipoingiliwa. Wewe unahesabu tovuti saba. Seva inahesabu nyumba moja ya Kiswahili, mlango wa nje mmoja, ukumbi mmoja, vyumba saba. Mwizi aliyefunguliwa na mpangaji wa chumba cha mbele hupita hadi uani, na wala hana haja ya kubisha hodi chumba kwa chumba.

Ujanja wenyewe wa WP-VCD ulizunguka vizuri, lazima niwape haki yao. Tovuti zilizoambukizwa zilitumiwa kuvipandisha Google vile vile vijiwe vya kupakulia themu za bure. Ikiwa iliyokushika ni ya ukoo huo, basi duka la Hajjati limekuwa likimtangazia kijana mwingine wa Kisauni au Kisumu mahali pa kwenda kujitafutia balaa. Ndivyo anavyolipwa huyo asiyetaka senti.

Na tuseme umebahatika, umepata ya kuvunjwa isiyotiwa kitu. Bado haipati masasisho, maana masasisho huja kwa leseni. Mwaka 2014 liligunduliwa tundu kwenye Slider Revolution, ile plagini ya picha zinazopita pita juu ya ukurasa. Tundu hilo lilimwezesha mtu wa nje kupakua faili la wp-config.php, lenye nywila ya hifadhidata, bila kuvunja chochote. Ilikuwa imefungwa ndani ya themu nyingi, wenye tovuti hata hawajui kama wanayo. Desemba ya mwaka huo uchafu ulioitwa SoakSoak ukapitia plagini hiyo hiyo, na Google ikazifungia tovuti zaidi ya 11,000. Siku sasisho linapotoka, dunia nzima inaambiwa tundu liko wapi, wezi wakiwemo. Mwenye leseni anabonyeza mara moja, anaziba. Wewe unangoja mwenye mkokoteni apite tena.

Ya rafiki yako na plagini ya usalama ya kuvunjwa: nilipofika hapo niliweka kikombe cha kahawa chini. Mwaka 2004 nilikuwa na saiba ya mashine nane pale Makadara, na mimi nilinunua sidii ya programu ya kuua virusi kwa shilingi 100, imeandikwa kwa kalamu ya wino. Wiki mbili baadaye kila flashi iliyochomekwa dukani kwangu ilitoka na mgeni. Kwa hivyo sikucheki, nakumbuka yangu. Usiifunge. Wordfence wana plagini ya usalama ya bure, ipo kwenye ghala la WordPress.org lenyewe, nayo inatosha kukuonyesha faili gani limetofautiana na lile la asili. Kuonyesha tu, lakini. Kusafisha ni kazi ya mikono yako.

Kuhusu GPL, rafiki yako ana nusu ya ukweli, nami sitaki kukudanganya ili nikutishe. WordPress ilitoka mwaka 2003 chini ya GPL, na msimamo wa mradi wenyewe ni kwamba msimbo wa PHP wa themu na plagini hufuata leseni hiyo hiyo. GPL inakuruhusu kunakili, kubadilisha, kugawa, hata kuuza. Mara nyingi unacholipia dola 59 ni masasisho ya mwaka na mtu wa kujibu maswali yako. Kwa hivyo ukinakili PHP iliyo chini ya GPL, neno "wizi" linaweza kujadiliwa. Lakini yapo masoko yanayouza themu kwa leseni ya vipande viwili, PHP ni GPL, ila picha na mitindo ya CSS haimo. Na hata pale penye GPL tupu, uhuru wa kunakili haukupi hakikisho la nani ameshika faili kabla yako. Haya nimeyasema ya rafiki yako. Yako wewe ni tofauti, na nitafika.

Kusafisha. Usitake kuokota uchafu faili kwa faili kwa kufuata orodha ya hosti, yaani ile kampuni inayokuhifadhia tovuti, utaacha moja, na hiyo moja itazaa usiku. Hama nyumba. Mwombe hosti akupe njia ya kuyafikia mafaili wewe peke yako, uchukue nakala ya kila kitu kama kilivyo, pamoja na uchafu wake, uiweke kwenye diski ya nje. Hiyo ni ushahidi, utaihitaji. Laptopu yako pia ipimwe, maana kama inavuja, nywila mpya zitavuja nayo. Kisha fungua akaunti saba, kila mteja na yake, na hifadhidata yake, na nywila yake. Ndiyo, itakugharimu zaidi kila mwezi. Pandisha WordPress mpya kutoka WordPress.org. Kutoka nyumba ya zamani unabeba vitu viwili tu, hifadhidata na folda ya uploads, na vyote viwili unavikung'uta kabla ya kuviingiza.

Ndani ya uploads mnakaa picha na nyaraka. Tafuta kila faili linaloishia na .php. Kwa kawaida halina haja ya kuwamo, na ukilikuta, lisome lote kabla ya kuliruhusu. Fungua pia picha zilizo na ukubwa wa ajabu au zisizoonyesha picha, ya social.png umeshaisikia. Kwenye hifadhidata, nenda mwenyewe hadi jedwali la wp_users. Usitegemee orodha ya kwenye dashibodi, kwani uchafu huweza kumficha msimamizi wake asionekane pale, lakini jedwalini anabaki. Nitashangaa ukikosa mtu usiyemjua. Kwenye machapisho na mipangilio, tafuta base64_decode na eval, amri zinazotumiwa kufumbua na kuendesha msimbo uliofichwa, na vipande vya script ambavyo hukuviandika. Badilisha nywila za wote, na ile mistari minane ya funguo na chumvi kwenye wp-config.php uizalishe upya, ili kila aliyekuwa ndani atupwe nje, hata mwenye nywila halali.

Duka la Hajjati lina jambo lake. Kama malipo ya M-Pesa yanapita kwenye plagini, basi funguo za Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha tovuti na M-Pesa, zimo ndani ya hifadhidata ile ile iliyosomeka. Zifute, utoe mpya. Na uifungue kila ukurasa ulioandikwa namba ya till, umsomee Hajjati kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu, naye alinganishe na ile iliyobandikwa ukutani dukani kwake. Kubadilisha tarakimu mbili ni kazi ya nusu dakika kwa aliyekuwa na ruhusa ya msimamizi.

Ukimaliza yote, ndipo unaingia Search Console, chombo cha Google cha wenye tovuti, unatazama sehemu ya masuala ya usalama, na kama kuna onyo unaomba ukaguzi. Usiombe kabla hujawa safi, maana ukikataliwa mara ya kwanza utangoja zaidi mara ya pili. Kurasa za Kijapani hazitatoweka siku hiyo. Zitakauka taratibu Google inapozirudia na kukuta hazipo.

Themu utaweka gani? Mwanangu, hili limeniuma kuliko mengine. Nimejaribu kukisia hizo tovuti sita zilihitaji nini. Duka la leso linahitaji picha kubwa za doti, lisomeke jina la leso bila kukaza macho, bei, na kitufe cha kununua. WooCommerce, plagini ya kufungulia duka, ni bure, na themu yake ya Storefront ni bure. Mkahawa unahitaji menyu na ramani. Fundi wa milango anahitaji picha kumi za milango na namba ya simu. Umeingiza wezi kwa watu sita kwa ajili ya picha zinazopita pita juu ya ukurasa, ambazo mteja wa simu hata hangoji zipite. Wazee walisema rahisi huvunja upishi, lakini wewe hata rahisi hukuihitaji.

Nimefika kwenye swali la tatu, na hapa sina mawili. Waambie.

Nyumba ya wageni na daktari kwanza. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mwenye nyumba ya wageni ndiye anayekusanya data, wewe unaishughulikia kwa niaba yake. Data ikifikiwa na asiyeruhusiwa, na pakiwa na hatari ya kweli kwa wenye nayo, wewe unatakiwa umjulishe yeye bila kuchelewa, na inapowezekana ndani ya saa 48 tangu ujue. Yeye anatakiwa amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72, na akichelewa, aeleze kwa nini. Wanaohusika nao wajulishwe. Saa zako 48 zilianza siku ulipopokea ile orodha, na wewe uko siku ya tisa na hadithi ya matengenezo. Zile picha za pasipoti, usiniambie huna uhakika kama zimechukuliwa. Kama fomu yako ilikuwa inazitupa kwenye uploads tu, basi huenda aliyejua anwani ya faili aliweza kuifungua hata bila kuvunja kitu. Na habari za mgonjwa, hata za jino, sheria inaziweka kwenye kundi la data nyeti. Usiwaambie "kulikuwa na hitilafu". Waambie tarehe, nini kilikuwamo, tangu lini uliweka plagini hizo, umefunga nini mpaka sasa. Waandikie pia, ili wawe na karatasi ya kuonyesha.

Na usisafishe kimya kimya kwa hoja ya kwamba hawatajua. Kuna mtu mwingine anayejua, naye ni yule rafiki yako.

Sasa ankara. Shilingi 7,500 mara sita ni 45,000. Dola 59 ni kama hizo hizo, kwa hivyo bei halisi ulikuwa unaijua, uliitazama, ukaiandika. Kama ungeandika "kazi yangu, 7,500", ningekuambia una kosa la uzembe. Ulipoandika "leseni", uliwauzia kitu ambacho hakikuwapo, na hapo GPL ya rafiki yako haikufuniki hata kidole. Wala usijitetee kwa kuwa wateja hawajui leseni ni nini. Hajjati hajui plagini, ni kweli, lakini karatasi unayomwandikia kwamba umemnunulia kitu anaielewa vizuri kuliko mimi na wewe. Hiyo ndiyo kazi yake tangu hujazaliwa.

Warudishie. Kama huna 45,000 kwa mkupuo, na naamini huna, mpe kila mmoja mambo mawili achague: arudishiwe 7,500 kwa awamu mtakazokubaliana, au umnunulie leseni ya kweli kwa jina lake na barua pepe yake, si yako, ili hata akikufukuza ibaki naye. Kazi ya kusafisha usiidai. Wapo watakaokuacha. Wakala wa bandarini nadhani ataondoka siku hiyo hiyo, watu wa mizigo hawana subira na makaratasi yenye kasoro. Ukipewa kazi nyingine baada ya hapa, ankara yako iwe na mstari wa kazi yako na mstari wa vitu ulivyonunua, na kila kilichonunuliwa kiambatane na risiti yake. Utaona aibu kidogo mara ya kwanza, kudai pesa ya jasho lako kwa jina lake. Ndiyo maana wengi wetu tunaificha ndani ya "leseni".

Madrasa itengeneze mapema, ni ndogo, jioni moja inatosha, na mwambie mwalimu kwa maneno mepesi kwamba kosa halikutoka kwao.

Nyumba ya wageni umwendee leo, usingoje kesho, na daktari leo hii kwa simu kama hayuko kliniki. Hajjati usimpigie. Nenda kesho baada ya alasiri, Biashara imeshapoa, wanakunja leso kurudisha rafuni. Chukua laptopu na simu yenye bando. Akikuuliza kama yule mteja wa Jeddah alikuwa akisema kweli, mjibu ndiyo, kabla hujaeleza jingine lolote.